Kigae cha Kapyela

Gari lilisimama lenyewe saa tatu kasorobo asubuhi. Kwa sauti ya upole, ileile linayotumia kuwakumbusha abiria kufunga mikanda, likasema kwamba lipo juu ya korongo lenye kina cha mita arobaini, na kwamba kwa usalama wao milango haitafunguka.

Tusekile Mwangomo alitazama nje. Hakuona korongo. Aliona tope jekundu, nyasi zilizolala upande mmoja, na mgomba mmoja uliosimama wima huku nusu ya mizizi yake iko nje. Gari lilikuwa limekaa juu ya ardhi kwa magurudumu yote manne.

Mlima ulikuwa umehama. Yeye na abiria mwenzake waliuhisi ukihama, dakika chache tu kabla. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Barabara yenyewe, pamoja na lami na mitaro yake na gari likiwa juu, ilianza kuteleza kuelekea mto Mbilisi, taratibu, kama mkeka unaovutwa na mtu aliye chumba cha pili. Iliteleza kwa muda wa kutosha mtu kufikiri kwamba haitasimama, kisha ikasimama. Gwamaka, daktari wa mifugo aliyepanda gari hilo pamoja naye kutoka mjini, alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na bado hakuwa amekiachia.

Alimwuliza kwa nini gari linasema lipo juu ya korongo.

"Kwa sababu ramani haijui kwamba mlima umehama," Tusekile alisema. "Setilaiti inaliambia gari lipo wapi. Gari linatazama ramani, linakuta mahali hapo pana korongo. Na asubuhi hii palikuwa na korongo kweli. Sasa limejaa udongo, na sisi tupo juu ya huo udongo."

"Na ramani itajua lini?"

Tusekile alihesabu kimoyomoyo. "Baada ya siku sitini na moja."

Gwamaka alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipomwona mwenzake hacheki, akanyamaza.

*

Hesabu hiyo Tusekile aliijua kwa sababu ilikuwa yake.

Miaka tisa nyuma, ramani ya sura ya nchi ilichorwa upya kila mara mtu alipoifungua. Seva ya kanda ilichukua vipimo vilivyopigwa na ndege, ikakokotoa mistari ya kontua mmoja mmoja, ikapaka rangi mito na mabonde, ndipo ikatuma picha. Mjini kazi hiyo ilichukua sekunde tano. Huku Nyanda za Juu, kwenye mtandao wa kubahatisha, ilichukua dakika mbili au tatu, na gari linalojiendesha haliwezi kungoja dakika mbili ili lijue kama mbele kuna kona. Tusekile, wakati huo mchoraji wa daraja la chini kabisa ofisini, ndiye aliyependekeza ramani ichorwe mara moja tu, ikatwe vipande vya mraba, mita mia tatu kwa mia tatu, na kila mnara wa simu uwekewe ghala la vipande vya kata yake. Waliviita vigae. Gari likiomba kigae, mnara unakitoa palepale, kikiwa tayari kimechorwa.

Magari yakaanza kupanda milima bila kusitasita, naye akapandishwa cheo. Kwa kuwa kuichora kata nzima upya kulichukua saa sita, iliamuliwa kila ghala lifanywe upya mara moja kwa siku tisini. Chini ya uamuzi huo kulikuwa na sahihi yake.

Sheria ya milango ilikuja baadaye, baada ya familia moja kushuka garini katikati ya ukungu na kutumbukia bondeni. Tangu hapo mlango wa gari ulitii ramani, na penye mteremko mkali haukufunguka. Sheria hiyo haikuwa ya Tusekile, lakini mkutanoni alinyoosha mkono kuiunga mkono.

*

Walijaribu vioo kwanza. Gwamaka alichomoa egemeo la kichwa kwenye kiti, akapiga kioo cha ubavuni kwa vyuma vyake viwili mpaka viganja vikachubuka. Vioo vya magari ya milimani vilitengenezwa kuhimili mawe yanayoporomoka, na hiki hakikupata hata ufa. Alipoketi kupumzika ndipo alipoyaona maji.

Udongo ulioporomoka ulikuwa umeziba mto. Maji ya Mbilisi yalikuwa yanarudi nyuma, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo ya migomba na povu. Yalikuwa hatua thelathini kutoka garini. Tusekile alichagua jiwe moja lenye kichwa cheupe ili apime mwendo wake. Alipotazama tena jiwe halikuonekana.

Alimpigia Ambakisye, fundi wa zamu katika ofisi ya ramani ya kanda, kijana ambaye Tusekile mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alimtaka afungue milango kutoka huko. Ambakisye alimkumbusha kwa unyenyekevu kwamba kitufe cha kufanyia hivyo kilikwisha kuondolewa, kwa sababu watu walikuwa wanapiga simu kuomba kufunguliwa mahali pasipofaa. Akasema jambo analoweza kufanya ni kufuta ghala lote la mnara wa Kapyela, kata waliyokuwamo, ili vigae vichorwe upya kutokana na vipimo vipya. Setilaiti ya rada ingepita baada ya nusu saa.

Tusekile alimwuliza kuna magari mangapi ndani ya kata.

Kulikuwa na magari mia mbili na kumi na manne. Yote yangekosa ramani kwa wakati mmoja, na gari lililokosa ramani husimama na kujifunga hapohapo lilipo mpaka ramani irudi. Yaani saa sita. Kumi na tisa kati yake yalikuwa kwenye barabara ya bondeni, ambako mito mingine mitatu ilikuwa imeshaanza kuvuka kingo.

"Usifute," Tusekile alisema.

"Mama, na nyinyi je?"

"Nitatumia kalamu."

Kalamu ya uwandani ilikuwa ruhusa waliyopewa maofisa wachache wa ngazi yake, ya kurekebisha kigae kimoja kwa mkono wakiwa safarini, labda kivuko kimechukuliwa na maji au njia ya miguu imehamishwa. Hakuna aliyewahi kuitumia kuchora nchi yenyewe. Tusekile alifungua kishikwambi chake, akakiita kigae, na korongo likatokea, zuri, kontua zake zimebanana kama nyuzi za kitambaa. Mfumo ulikigawa kigae katika sehemu ishirini na tano, kila sehemu mita sitini kwa sitini, na kwa kila sehemu ukauliza swali moja: Umeona kwa macho yako? Akijibu ndiyo, anachora. Akijibu hapana, sehemu inabaki kama ilivyokuwa.

Alianza na sehemu waliyokuwamo. Alisugua korongo kwa kidole, akaweka ardhi tambarare iliyoinama kidogo kuelekea mtoni. Kutoka dirishani aliweza kuona sehemu tatu au nne zinazofuata kupanda juu. Baada ya hapo ukungu ulifunga kila kitu.

Ambakisye alirudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema ndani ya kigae hichohicho, kona ya juu, kuna gari lingine. Ni gari la wagonjwa, nalo limejifunga. Mwanamke aliyemo alikuwa amepiga simu ya dharura, na watu wa dharura, walipoona hitilafu ni ya ramani, wakamsukumia ofisi ya ramani. Akamwunganisha na Tusekile.

*

Mwanamke huyo aliitwa Sekela. Alikuwa anampeleka baba yake hospitali, Mzee Anganile, mgonjwa wa mapafu. Gari lao lilikuwa likipita barabara ya shamba la chai mlima ulipoondoka nao. Hakukuwa na muuguzi. Magari hayo hayakuwa na muuguzi wala dereva, kulikuwa na kitanda, mtungi wa oksijeni na sauti. Sekela alieleza yote hayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyaeleza mara tatu kwa watu watatu. Mtungi, alisema, mshale wake upo kwenye robo.

"Ndaga, dada," alimalizia kwa kushukuru. "Angalau wewe umenisikiliza. Tufungulie."

Tusekile alimwuliza anaona nini nje.

"Chai. Tupo katikati ya shamba la chai. Mistari imenyooka, hata haikuvurugika. Ni tambarare."

"Unaona mpaka umbali gani?"

Ilisikika sauti ya kiganja kikifuta kioo.

"Kuna ukungu," alisema. "Ninaona mistari minne. Mitano."

Mistari mitano ya chai haifiki mita saba. Tusekile alitazama kigae mbele yake. Alijua jambo ambalo Sekela hakulijua. Gari la kawaida halitembei pasipo barabara, lakini gari la wagonjwa lilipewa ruhusa ya kupita popote, ili mradi ramani inaonyesha ardhi haina mteremko. Kalamu haikubali kuchora kipande kidogo kuliko sehemu moja. Akiandika tambarare, gari lile litaona mita sitini za ardhi nzuri upande wa hospitali na litaondoka saa hiyohiyo, kwa mwendo wake wa dharura, likimwamini yeye. Na mlima unapokatika huacha mpasuko juu yake. Mpasuko wa Kapyela ulikuwa mahali fulani ndani ya ukungu ule. Pengine ulikuwa mbali, na pengine ulikuwa mstari wa sita wa chai.

Alimweleza Sekela hivyo, bila kumficha. Akamwuliza kama anaweza kulizuia gari lisiondoke. Sekela alisema ametafuta kitufe cha kulizuia tangu lilipojifunga na hakuna, na kwamba mlango wake hufunguliwa kwa nje tu.

"Dada," alisema, "mimi nipo hapa. Wewe haupo. Nakuambia ni tambarare."

"Nimekusikia."

"Basi andika."

Maji yalikuwa yamefika kwenye gurudumu la mbele. Tusekile alifunika kinasa sauti cha simu kwa kiganja na kumtazama Gwamaka, ambaye alikuwa amesikia yote.

"Ungekuwa wewe?" alimwuliza.

Gwamaka alifikiri. Alisema ng'ombe akishindwa kuzaa, yeye haoni kitu. Anaingiza mkono mpaka begani, anapapasa, anaamua huu ni mguu na huu ni kichwa, anavuta. Mara nyingine alikosea, na alizikumbuka zote alizokosea. "Lakini sijawahi kumwambia mwenye ng'ombe angoje mpaka nione," alisema.

"Ni ng'ombe," Tusekile alisema.

"Ndiyo. Ni ng'ombe."

Tusekile aliondoa kiganja kwenye simu. Kidole chake kilikuwa juu ya sehemu ya Sekela. Umeona kwa macho yako? Alifikiria magari yote yaliyowahi kupita juu ya michoro yake bila yeye kuyajua, na kwamba hili moja analijua, analijua kwa jina. Akagusa hapana.

"Sekela, nakuja huko juu," alisema.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kuona."

Simu ikakatwa.

Alituma kigae. Sekunde moja haikupita. Kasi ile aliyoitafuta ujana wake wote ilifanya kazi barabara, na milango minne ikafunguka kwa pamoja, maji baridi yakaingia na kuwafika vifundoni.

*

Njia ya salama ilikuwa kushuka pembeni mwa maporomoko hadi kijiji cha chini, nusu saa kwa miguu. Tusekile alimwambia Gwamaka ashuke. Gwamaka alichukua mkoba wake wa kazi, akautundika begani, akaanza kupanda mlima mbele yake.

Walipanda kwa saa moja na dakika ishirini. Udongo uliovurugika hauna pa kukanyaga. Mara tatu Tusekile alizama hadi magotini na Gwamaka akamvuta. Kila alipofika sehemu mpya ya kigae alisimama, akatazama, akachora kwa vidole vyenye matope, akagusa ndiyo, na Gwamaka alimwambia bila ukali kwamba anapoteza muda. Baada ya hapo hakuchora tena njiani. Alimpigia Sekela mara mbili. Mara ya kwanza simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili Sekela alipokea lakini hakusema neno, na Tusekile alisikia pumzi ya mtu mwingine karibu na simu, fupi, yenye kukwaruza, akapanda nayo sikioni mpaka mtandao ukapotea.

Walitokea kwenye shamba la chai ukungu ukiwa umeanza kuinuka.

Lilikuwa tambarare. Kipande kizima cha shamba kilikuwa kimeteleza bila kupinda, vichaka vya chai vimesimama mstari kwa mstari kama vilivyopandwa. Gari la wagonjwa lilikuwa katikati yake. Tusekile alitembea kutoka gari hilo kuelekea upande wa hospitali, akihesabu hatua. Alifika hamsini. Alifika mia. Kwenye hatua ya mia na arobaini shamba liliungana na barabara ya zamani ya kiwanda cha chai, changarawe kavu, isiyo na hata ufa, inayopanda kwenda mgongo wa mlima. Mpasuko ulikuwepo. Ulikuwa nyuma, upande ambao gari lisingeelekea kamwe.

Lingefika. Alisimama pale barabarani muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona.

Halafu alichora. Umeona kwa macho yako? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nyuma yake alisikia Gwamaka, aliyebaki kando ya gari, akiuvuta mlango kabla halijaondoka.

Aliporudi, Gwamaka alikuwa ndani, amepiga magoti kando ya kitanda, vidole viwili shingoni mwa mzee. Alikaa hivyo kidogo, kisha akautoa mkono na kuuweka gotini. Mshale wa mtungi ulikuwa kwenye sifuri. Sekela, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitenge kimefungwa juu ya sweta, alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ili mlango usijifunge na gari likaondoka.

"Wewe ndiye wa ramani," alisema.

"Ni mimi."

Sekela alimtazama kuanzia miguu iliyojaa matope mpaka usoni. Tusekile alingoja. Alikuwa tayari kupigwa. Pengine angeshukuru.

"Sitaki aende na hili," Sekela alisema, akigusa ubavu wa gari. "Nyumbani ni hapo nyuma ya kiwanda. Shika miguu."

*

Walimbeba ndani ya shuka la gari, Gwamaka mabegani, Sekela kiunoni, Tusekile miguuni. Mzee Anganile hakuwa mzito. Walipita barabara ya kiwandani, wakakata kushoto kwenye mikaratusi, wakapumzika mara mbili. Mara ya pili Tusekile alianza kusema kwamba anaomba radhi, na Sekela akamkatiza.

"Usiniambie chochote mpaka tufike."

Tusekile akainua tena.

Walipofika, watu walikuwa wameshasikia mlima ukikatika na walikuwa nje ya nyumba wakitazama upande wa barabara. Kilio kilianza kabla hawajaingia uani. Wanaume wanne walikuja kuwapokea mzigo. Tusekile hakujua aiache vipi ile miguu, mpaka kijana mmoja alipomfungua vidole, kimoja baada ya kingine.

Mama mmoja mzee, dada wa marehemu, alimshika Sekela mabegani na kumwuliza watu hawa wawili ni akina nani.

Sekela aliwatazama wote wawili. Tusekile alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote, na alikwisha kuamua kwamba hatajitetea. Alijua pia tume ya uchunguzi ingesema nini baadaye, kwa kuwa kanuni alizijua. Ingesema alifuata utaratibu kikamilifu, na kwamba hakuna ofisa anayeweza kulaumiwa kwa kutochora asichokiona.

"Ni watu walionisaidia kumbeba," Sekela alisema, akaingia ndani.

Basi wakaletewa viti. Wakaletewa maji ya moto ya kunawa miguu, na msichana akainama kumwosha Tusekile matope ingawa alikataa. Wanawake wa pale wakapita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliinama kidogo na kumpa mkono, mwingine akiushikilia mkono wake kwa mikono miwili, wakimwambia ndaga, mama, ndaga kwa kumleta nyumbani. Alitaka kusimama aseme. Kila mara mdomo ulipofunguka, mkono mwingine ulikuwa umeshanyooshwa, naye akaupokea, na baada yake mwingine, na foleni ilikuwa bado inafika getini.